Nyota Nilizochomelea Mwenyewe

Wanaonijua watakuambia kwamba najisifu. Waache waseme. Mtu ambaye tangu utotoni hakuna aliyemsifu afanye nini, angoje kusifiwa matangani? Nilitoka upande wa Sondu na nyundo moja na suruali mbili, shule nimeiacha darasa la sita, na leo ukizunguka Milimani ukaona geti ambalo halilii likifunguliwa, vyuma vyake vimenyooka kama mistari ya daftari, usiulize ni la nani. Ni langu. Wenye nyumba wamesoma mpaka ng'ambo, lakini kila jioni wanapiga honi mbele ya kazi ya mtu wa darasa la sita, wakingoja ifunguke.

Kwa hiyo binti yangu wa kidato cha tatu aliponijia karakanani kwangu Kibuye baada ya masomo, akaniambia kwamba chama chao cha sayansi kimemchagua yeye kwenda mashindanoni, na mada yake ni maisha ya nyota tangu kuzaliwa hadi kufa, sikuwa na maswali mengi. Nilikuwa na moja tu.

"Nyota zinakufa?"

"Zinakufa, Baba."

"Na nani huzika?"

Jirani yangu, anayetengeneza majiko upande wa pili wa mtaro, alicheka mpaka akaangusha koleo. Binti yangu hakucheka. Ana uso wa mamake. Ukimfanyia mzaha anakutazama kama karani wa benki anayetazama sahihi isiyofanana. Akageuza debe, akakaa, akaanza kueleza. Nyota huzaliwa katika wingu la gesi na vumbi. Wingu linajivuta, linajibana kwa uzito wake lenyewe, linapata joto, mpaka katikati moto unashika. Halafu inaishi miaka mingi isiyohesabika ikichoma ilichonacho. Kikikaribia kwisha inavimba, inakuwa nyekundu. Nyota ndogo inavua ngozi zake polepole na kuacha kaa jeupe linalopoa. Nyota kubwa haifi kwa upole hivyo.

"Na zile za buluu," akasema, "ndizo zenye moto mkali kabisa. Nyekundu ndizo zina moto mdogo."

"Omera, ndugu yangu, hapo mtoto amedanganywa," jirani akaniitia. "Buluu ni baridi. Ingia hoteli yoyote ya maana uangalie mfereji. Nyekundu maji moto, buluu maji baridi."

"Wewe ulilala hoteli ya maana lini?"

"Niliweka jiko huko."

"Uliweka jiko jikoni, ukaona mfereji, sasa umekuwa profesa."

Nikamweleza binti yangu kwamba hiyo ya rangi nilikuwa naijua kabla mwalimu wake wa fizikia hajaota meno. Chuma kikiingia motoni huanza na wekundu mzito kama wa ini. Ukiendelea kupuliza kinageuka rangi ya chungwa, halafu manjano, halafu nyeupe. Anayegonga chuma kikiwa chekundu anapoteza jasho, maana wekundu ni moto unaoamka au moto unaotafuta mahali pa kulala. Na juu ya nyeupe kuna ile cheche ya mashine ya kuchomelea, ya buluu, ambayo ukiitazama bila kioo macho yatajaa mchanga mpaka asubuhi. Hayo sikuyasoma. Yameniunguza.

Binti yangu aliandika. Nilimwona akiandika maneno yangu kwenye daftari la shule, na sitaki kusema niliona fahari, lakini niliona.

Ndipo akasema jambo lililonikera.

"Nyota kubwa inachoma kitu kimoja, majivu yake yanakuwa kuni ya moto mkali zaidi. Majivu ya huo moto nayo yanakuwa kuni. Inaendelea hivyo mpaka inafika kwa chuma. Ikifika kwa chuma imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Chuma haitoi moto, Baba. Inakula. Nyota inakosa nguvu ya kujishikilia, inajiangukia ndani, halafu inalipuka."

"Unaniambia chuma ndiyo inaua nyota?"

"Vitabu vinasema hivyo."

Chuma kimenijengea nyumba. Chuma kimemnunulia yeye viatu tangu cha kwanza. Sikukubali kitukanwe mbele yangu. "Nyinyi watu wa vitabu mnapenda kulaumu," nikamwambia. "Hiyo nyota haikuuliwa. Ilikufa ikizaa. Hicho chuma kilienda wapi baada ya kulipuka?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kiko hapa. Chuma yote ya dunia ilitoka kwa nyota zilizokufa. Hata ile iko kwa damu yako."

Nikatazama karakana yangu: marundo ya skrapu, mabomba, mabati, chassis ya lori iliyokatwa katikati. "Sawa," nikasema. "Kumbe mimi ni fundi wa nyota."

"Wuololo!" jirani akapiga kelele. "Leo hatulali Kibuye!"

Shule ilikuwa imemwambia atengeneze nyota zake kwa mipira ya boksi laini, aipake rangi. Niliuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Mtoto wangu, wa kwangu mimi, aende mbele za watu na boksi? Akaniomba: "Baba, nionyeshe tu vile unachomelea. Nataka kufanya mwenyewe. Sheria inasema—"

"Sheria inasema uende ukashindwe?" nikamkatiza. Hakuimaliza ile sentensi, na mimi sikumwuliza tena ilikuwa inaelekea wapi. Hapo ndipo nilipokosea. Naandika hapa mara moja, sitarudia.

Kwa siku tatu niliacha mageti ya watu. Nilichukua ile mipira ya chuma tunayoweka juu ya nguzo za geti, mikubwa kwa midogo. Wingu nikalitengeneza kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nyota kijana nikaipaka buluu, mzee nikamfanya mwekundu, mpana kama karai, maana nilichomelea makarai mawili yakabusiana. Mlipuko niliukata kwa bamba, miali yake mikali ungedhani itakurukia. Na mahali pa ile nyota iliyobaki baada ya mlipuko, ambayo binti yangu aliniambia ni ndogo lakini uzito wake haubebeki, nikaweka gololi ya bearing ya trela. Vyote juu ya fremu moja inayozunguka. Binti yangu alikuja kila jioni, nikampa kitambaa apanguse.

Na nilipomaliza nikafanya ninachofanya kwa kila kazi inayotoka mkononi mwangu. Kibuye wote tunafanya hivyo: toroli lina namba, jiko lina namba, geti lina namba. Nilichomelea pembeni, chini kulia, jina la karakana na namba yangu ya simu, herufi nilizokata mwenyewe, nikazipaka rangi ya dhahabu zionekane.

Mashindano yalikuwa katika shule moja upande wa Kombewa, siku mbili. Nilipeleka nyota kwa pikapu yangu. Wanafunzi wa shule nyingine walikuwa na chupa, mirija, kadibodi. Sisi tuliposhusha yetu, watu wanne wakaibeba, ukumbi mzima ukageuka. Wazazi waliulizana. Nilivuta tumbo ndani.

Jaji mkuu alikuwa mama mmoja mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Aliizungusha fremu mara mbili. Aliuliza swali, binti yangu akajibu vizuri. Akauliza lingine, akajibiwa. Halafu akavaa miwani, akainama chini kulia.

"Hii namba ni ya nani?"

Binti yangu akashika kitambaa chake cha kupangusia.

Mama yule hakuuliza tena. Alitoa simu yake, akabonyeza tarakimu moja moja. Mfukoni mwangu gitaa la benga likaanza. Nilikuwa nimesimama nyuma na wazazi, alichofanya niliambiwa baadaye, na mazoea ya biashara ni mazoea. Nikapokea kwa sauti yangu ya kazi: "Karibu mteja. Ni geti ama grili?"

Sauti ikanijibu mara mbili, sikioni na kutoka mbele ya ukumbi: "Ni nyota."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Nikapita katikati yao hadi mbele. Siogopi watu.

"Mzee," jaji akaniambia, "hii ni kazi nzuri sana."

"Najua."

"Lakini haya ni mashindano ya wanafunzi. Mtoto alifanya nini hapa?"

"Alinieleza yote! Mimi ningejuaje mambo ya nyota?"

"Basi yeye ni mwalimu, wewe ndiye mwanafunzi. Uko kidato gani?"

Ukumbi ukalipuka tena. Nikasema mengi. Nilisema kwamba yule kijana aliyeleta mirija ya hospitali babake ni daktari, na mirija hiyo haikuota shambani. Nilisema hata majaji wanapita kwenye mageti yangu. Nilisema sisi tusioenda shule ndio tunaofungia waliosoma wasiibiwe. Mwalimu wa fizikia alinishika kiwiko, nikamtoa mkono.

Binti yangu ndiye aliyeninyamazisha, na hakuongea nami. Aliongea na jaji.

"Madam, ni kweli. Hii si yangu. Naomba unipe mpaka kesho."

Lazima nieleze alichokuwa akiomba. Kutoka pale wangeenda mbele wawili tu. Na shule yao, ukiingia kidato cha nne, unafungiwa vyama vyote usome mtihani. Hakungekuwa na mwaka ujao. Tangu kidato cha kwanza alikuwa anabebea wengine vifaa akingoja zamu yake, na zamu imefika, babake ameikalia.

Majaji walinong'onezana. "Kesho saa sita mchana," yule mama akasema. "Kitu cha mikono yako. Kama hakuna, tunafuta jina."

Tulirudi kwa pikapu. Nikamwambia namba niliiweka kwa sababu kazi isiyo na namba ni kazi ya mwizi. Nikamwambia wale watu wana wivu.

"Baba," akasema, "zile nyota zilikuwa zako. Mimi nilikuwa mtu wa kupangusa vumbi."

Niliendesha mpaka Kibuye.

"Na sasa," akasema akishuka, "usiguse kitu."

"Nisiguse kitu? Kwa karakana yangu?"

"Hata nyundo, Baba."

Nilikaa kwenye debe. Nimebeba vyuma ambavyo vijana wawili wanaviogopa, nimechomelea nikiwa juu ya paa katika upepo wa ziwa, lakini kazi nzito kuliko zote nimeifanya alasiri ile, nikiwa nimekalia mikono yangu yote miwili. Aliokota rimu ya gari kwenye skrapu. Akaomba udongo wa kukandika ndani yake kwa jirani wa majiko, na ile feni yake ya kupulizia moto, ya gurudumu la baiskeli, inayozungushwa kwa mkono. Mwalimu wa fizikia, ambaye alikuja kushuhudia kwamba sisaidii, alisema kifaa cha kuazima si kosa, kosa ni kazi ya kuazima. Alisema akinitazama.

Habari ilienea. Watu wakaacha kazi zao kuja kuniona nimekaa.

"Jaduong', mzee wetu, umestaafu?"

"Hapana, amefutwa. Mkubwa mpya ndiye huyu amevaa sketi."

"Mama, huyu mfanyakazi wako ni mvivu. Mkate mshahara!"

Binti yangu alivaa kioo changu cha kuchomelea. Fimbo ya kwanza ya kuchomelea ilimganda kwenye chuma. Ya pili ikatoboa bomba. Nikainuka, akainua kioo, akanitazama, nikakaa. Alichomelea bomba la hewa kwenye ile rimu mshono umepinda kama njia ya ng'ombe. Aliungua kidole, akakitia mdomoni, akaendelea. Niliona kosa kabla halijafanyika, kila mara, na nilimeza maneno yangu kama vidonge vya kwinini.

Halafu akawasha mioto miwili. Mmoja kwenye jiko dogo la jirani, makaa machache, mlango wake wa hewa umefungwa karibu wote. Mwingine kwenye rimu, makaa amejaza juu, akazungusha feni. Wa rimu ulinguruma, ukawa mweupe katikati, watu wakasogea nyuma. Wa jiko ukakaa tu, mwekundu, hauna maneno. Baada ya muda rimu ilikuwa majivu. Lile jiko bado lilikuwa linawaka.

"Kubwa inakufa haraka," akajisemea, akaandika.

"Unasikia, omera?" jirani akaniambia. "Hapo wametajwa watu wenye tumbo na kelele."

"Afadhali ningurume nionekane," nikamjibu, "kuliko kuchemsha maji ya chai maisha yote."

Akajaza rimu tena. Safari hii alisukuma ndani kipande cha nondo nene. Akazungusha, akazungusha, mkono wa kulia ukichoka anabadilisha wa kushoto. Makaa yaliyozunguka kile chuma yakafifia, yakawa na weusi, na chuma chenyewe kikaanza kujipasha polepole kwa joto la wengine. Aliinama mpaka nikaogopa nywele zake.

"Baba, angalia. Kinakula kweli."

Jambo hilo nimelijua tangu nikiwa kijana. Ningeweza kumweleza ni makaa mangapi chuma cha unene gani kinataka, na ni wapi ukiweka hakikuibii. Nilikuwa nalo lote mdomoni.

"Ehee," nikasema. Basi.

Kesho yake tulifika Kombewa mapema. Walimpa nafasi nje, kwenye uwanja, ndoo ya mchanga pembeni, na wazazi tukaambiwa tusimame kando ya ua. Upepo wa ziwa ulianza kusukuma moshi machoni mwa majaji, akaigeuza rimu bila kuambiwa. Aliwasha mioto yote miwili. Akaeleza wingu, akaeleza kuzaliwa, akatoa nondo na kuwaonyesha wekundu wa ini, rangi ya chungwa, manjano, akawaambia hivyo ndivyo watu wanavyosoma joto la nyota bila kuigusa.

"Lakini nyota haichomi makaa," jaji akasema. Nilijua atasema. Watu kama hao hawakuachi upite.

"Haichomi, Madam. Makaa yanaungua kwa hewa. Nyota inabana hidrojeni mpaka inakuwa heliamu, na hakuna jiko linaweza kufanya hivyo. Ninachoonyesha ni mambo mawili tu: mwenye kuni nyingi na pupa nyingi anaisha kabla ya mwenye kidogo, na chuma ikiingia katikati haisaidii moto, inaukopa. Nyota ikifika hapo haina wa kuilipa. Inaanguka ndani, inalipuka, na vumbi lake linaenda kuwa wingu la nyota zingine. Na sisi."

"Nani alikufundisha kwamba chuma kinakula moto?"

Nilishika ua. Nilijua jibu. Ua wote ulijua jibu.

"Mikono yangu," akasema. "Jana nilizungusha hii feni mpaka viganja vikafura."

Akanyoosha viganja vyake. Malengelenge. Yule mama akavaa miwani, akavitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kazi yangu ya siku tatu.

Halafu akaja kwenye ua, moja kwa moja kwangu.

"Mzee, sema ukweli. Ulimsaidia?"

"Kwanza usiniite mzee. Pili, sikumsaidia."

"Hata kidogo?"

"Madam, nenda uangalie ule mshono wa bomba. Tazama vile umepinda. Huo ungekuwa wangu ningekuwa nimehama mji."

Aliangalia kule, akaniangalia, akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wengine waliosikia wakacheka pia. Binti yangu alikuwa amesikia, na hakufurahi. Ule mshono alikuwa ameupenda. Nikamwonyesha kwa mbali mkono wangu: ni sawa, mshono umeshika. Kweli ulikuwa umeshika. Mshono mbaya unaoshika nauheshimu kuliko mzuri unaoachia.

Walisoma matokeo alasiri. Wa kwanza alikuwa yule wa mirija, mtoto wa daktari, na bado nina maneno juu ya ile mirija. Wa pili alikuwa wangu. Wawili wanaenda mbele. Mwalimu wa fizikia aliruka, akasahau tulikosana, akanipiga bega. Nilimwambia nilijua tangu asubuhi. Nilikuwa sijui. Lakini hilo halimhusu.

Binti yangu alimwaga majivu kwenye mchanga, akayamwagia maji, akainua rimu. Rimu ya gari si nyepesi, na bado ilikuwa na joto. Niliruka kuipokea.

"Wacha, Baba."

"Nzito hii."

"Najua ni nzito. Ni yangu."

Akaibeba, tambara limekunjwa katikati ya chuma na malengelenge yake. Nikamfuata nyuma kukata uwanja wote, mbele ya wazazi waliokuwa wamenicheka jana, mikono yangu mitupu inaning'inia, mimi ambaye watu wa Milimani wananipigia simu na kunibembeleza. Kama kuna aliyedhani nilikuwa naona haya, nilimtazama usoni mpaka akageuka. Tulipofika kwenye pikapu nikamfungulia mlango wa nyuma. Hilo aliniruhusu.